Mbwa kipara kwenye maonesho Dodoma: tuwapokee au tuwakatae?

Kijana wa Ipagala (mleta mada)
Mbukwenyi wadau. Kuna wafugaji wa mbwa hapa mjini wameanza kupiga hesabu za kuandaa maonesho ya mbwa, ikiwezekana kwenye viwanja vya Nanenane, Nzuguni. Na maonesho yenyewe sina ugomvi. Ng'ombe, mbuzi na kuku huoneshwa pale kila Agosti, mbwa naye ana haki yake. Ninachopinga ni wazo la kuagiza mbwa wasio na manyoya: yule wa Mexico anayeitwa Xoloitzcuintli, wa Peru, na yule mdogo, Chinese Crested, mwenye shungi kichwani na nywele miguuni kama soksi huku mwili mzima mtupu.

Upara ule ni kasoro ya kuzaliwa. Mwaka 2008 watafiti walieleza kwenye jarida la Science kwamba aina zote tatu zina hitilafu ileile kwenye jeni iitwayo FOXI3. Haigusi manyoya peke yake, inagusa na meno. Wengi wao hukosa magego ya mbele, na chonge zao huwa nyembamba, zimeelekea mbele. Huko nje waamuzi wanalijua hilo, ndiyo maana vipimo vya aina hizi vinasamehe mapengo ambayo mbwa mwingine angekatwa alama. Sasa huyo apewe kombe kwa lipi? Leteni hoja, matusi hapana.

Mfugaji Area D
Mkuu, mbwa wa Mexico hakutengenezwa na tajiri bandani kwake juzi. Makaburi ya kale ya Colima, magharibi mwa Mexico, yamefukuliwa vinyago vya udongo vya mbwa wa namna hiyo, vina takriban miaka elfu mbili. Peru walimtangaza wa kwao kuwa urithi wa taifa mwaka 2001. Wewe wa Ipagala unamwita kasoro.

Halafu watu hawaelewi maonesho. Mwamuzi halinganishi nani mzuri kuliko nani. Ana kipimo cha kila aina kimeandikwa, anamshika mbwa mgongo na mabega, anamfungua kinywa, anamtazama akitembezwa kwa kamba kwenda na kurudi, kisha anasema huyu ndiye aliyekaribia kipimo chake. Mbwa kipara anashindana na kipimo cha mbwa kipara. Basi.

Na niwaambie faida ambayo mtu wa Dodoma ataielewa haraka: kupe. Mbwa wangu wa manyoya nawapekua masikioni, kwapani, katikati ya vidole, na bado mmoja ananiponyoka mpaka amevimba damu. Kwa kipara kupe hana pa kujificha.

Dada wa Chang'ombe
Faida utaiona akishafika salama. Huyo mbwa apite Majengo asubuhi, atakula mawe. Nani atamwambia mtu wa sokoni kwamba ule si upele?

Bwana Mifugo Mstaafu
Dada ana pointi, na si ya kuchekwa. Kwa macho yetu mbwa asiye na manyoya ni mgonjwa, kwa sababu hao ndio tunaowaona. Lakini mshike. Mwenye upele ngozi yake imekakamaa, ina magamba na vidonda, ananuka, na hatulii kwa kujikuna. Kipara wa kuzaliwa ngozi yake ni laini. Utahisi ana homa. Mpime: ni nyuzi 38 hadi 39, sawa na mbwa yeyote. Hakuna manyoya kati ya kiganja chako na ngozi, ndiyo maana.

Mleta mada, meno unayasema sawa ila umeliruka zito zaidi. Kila mbwa kipara wa kundi la FOXI3 amebeba nakala moja ya jeni yenye hitilafu na moja nzima. Mtoto akirithi zenye hitilafu zote mbili, haishi. Mimba yake inafia tumboni mapema na huenda mwenye jike asijue kabisa. Pandisha kipara kwa kipara, na kwa wastani robo wanapotea hivyo, nusu wanazaliwa vipara, robo wanazaliwa na manyoya. Pandisha kipara kwa ndugu yake mwenye manyoya, yaani wa aina ileile, si wa tumbo moja: hakuna anayekufa kwa sababu hiyo, na bado nusu ya watoto ni vipara.

Kwa hiyo yule mwenye manyoya, ambaye wafugaji wengi wa zamani walimtupa kama takataka, ndiye anayeibeba aina nzima.

Kuna na kipara wa asili nyingine kabisa, American Hairless Terrier. Ukoo wake ulianza na jike mmoja aliyezaliwa Louisiana, Marekani, mwaka 1972. Jeni yake ni tofauti, haiui mimba, na meno yake yako kamili. Anayetaka kipara bila mapengo aanzie hapo.

Mchunga wa Bahi
Mimi swali langu dogo. Huyo mbwa Julai usiku, upepo ule wa kwetu, analala wapi? Wangu wanalala nje na ng'ombe, na fisi wanawajua.

Mfugaji Area D
Analala ndani, mkuu, na sweta anavaa. Sijasema wa kuchunga ng'ombe.

Mchunga wa Bahi
Sawa, nimeelewa. Ni mgeni wa kudumu.

Kijana wa Ipagala (mleta mada)
Jibu la sweta limenisaidia, sasa tuje kwenye jua. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na kuanzia Mei mpaka Novemba wingu ni la kutafuta. Ngozi ya hawa mbwa inaungua, inatoka chunusi, inahitaji mafuta ya kuzuia jua. Maonesho ni kusimama uwanjani tangu asubuhi. Nani atawajengea kivuli?

Jingine mmelikwepa: wembe. Baadhi ya Chinese Crested wanaoitwa vipara wana nywele nyingi tu mwilini, na kabla ya maonesho hunyolewa mpaka wang'ae. Hapo mwamuzi anapima mbwa au anapima kinyozi? Ujerumani, sheria yao ya ustawi wa wanyama, kifungu cha 11b, inakataza kuzalisha mnyama ambaye inatarajiwa watoto wake watakosa viungo au viungo vitakuwa na hitilafu na wataumia kwa hilo. Sisi tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Kabla ya kuagiza mbwa, tuisome.

Dada wa Chang'ombe
Mimi kilichonimaliza ni Sam. Chinese Crested wa California, kipofu uzeeni, alishinda shindano la mbwa mwenye sura mbaya kuliko wote kule Petaluma mara tatu mfululizo, 2003 hadi 2005. Sasa nyie mnataka aina hiyohiyo ishinde kwa uzuri. Amueni.

Mwalimu wa Makole
Mnajadili mapengo wakati kichaa cha mbwa kipo mitaani. Shirika la Afya Duniani linasema karibu maambukizi yote kwa binadamu, asilimia 99, yanatoka kwa mbwa, na kwamba kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo kunakata mnyororo. Maonesho yakija, getini iwe kadi ya chanjo kwanza. Bila kadi, hata mbwa wa mkubwa arudi nyumbani.

Bwana Mifugo Mstaafu
Hilo halina mjadala. Na siku hiyohiyo mbwa wa mitaani wachanjwe bure pembeni ya uwanja, hapo nitawaunga mkono hadharani. Kuhusu vipara, pendekezo langu: waingie, ila mfugaji alete rekodi ya wazazi. Kipara kwa kipara, hapana. Ndugu wenye manyoya wapimwe kwa kombe lilelile.

Mfugaji Area D
Rekodi ya wazazi naikubali, ndugu wenye manyoya nawakubali, kivuli tutajenga. Wembe sikubali mzuie, maana hata pudo, yule mbwa wa manyoya ya kujikunja, ananyolewa na hamjasema kitu.

Kijana wa Ipagala (mleta mada)
Pudo akinyolewa, kila mtu uwanjani anajua kanyolewa. Wako anaandikwa fomu kuwa kazaliwa hivyo. Andikeni kwenye fomu "amenyolewa", tuendelee na mengine. Mpaka hapo kura yangu bado ni hapana.