Mbio yangu ya kwanza kwenye traki ya supakrosi, wupsi zimenishinda. Nifanyeje?

MtotoWaNala

Mbukwenyi wakuu. Naomba ushauri wa watu wanaoendesha pikipiki za krosi kweli kweli, maana huku nilipo sina wa kumuuliza na tangu Jumamosi iliyopita usingizi siupati vizuri.

Nina miaka 32, fundi umeme, naishi Nkuhungu. Pikipiki yangu ni Yamaha YZ250F ya 2009, nilinunua Dar mwaka jana ikiwa imetumika, na tangu hapo napiga nayo njia za porini kuanzia Nala kwenda upande wa Bahi, michanga, makorongo, mawe, huko nimezoea na siogopi. Sasa kuna jamaa wamechonga traki shambani huko mbele ya Veyula, wakakodi kijiko siku mbili, wakajaribu kuiga zile za supakrosi, mbio za pikipiki kwenye matuta ya kuchongwa ndani ya viwanja, tunazoonaga za Marekani. Kuna geti la kuanzia, kona zenye ukingo, dabo mbili (matuta mawili ya kuruka kwa mpigo), tripo (matatu kwa mpigo) ya kama mita 15, halafu wupsi tisa mfululizo, yaani yale matuta makali yaliyobanana, kila moja linanipita goti kidogo. Nilipoambiwa kuna mbio na anayetaka anaingia, niliingia siku hiyo hiyo. Nimeitamani hii kitu toka niko sekondari.

Tulikuwa tisa, hiti mbili, yaani mbio za mchujo, halafu fainali ya raundi nane. Hiti nilimaliza wa tatu. Tripo sikuiruka, nilikuwa naipanda na kuishuka taratibu, sikuona aibu. Kwenye wupsi ndo kasheshe. Raundi ya kwanza na ya pili ya fainali nilizipita kwa kubahatisha, pikipiki inarushwa huku na huku, mikono imekaza mpaka vidole havisikii breki. Raundi ya tatu nikawa nimemkaribia jamaa wa mbele, nikaingia na spidi kuliko mwanzo, tuta la kwanza na la pili nikapita juu juu, la tatu nikasikia mkono umeachia mafuta wenyewe, sikuuamuru wakuu, umeachia tu. Tairi la mbele likadumbukia kati ya tuta la nne na la tano kama umekosa ngazi gizani, shokapu zikagonga mwisho, nyuma ikainuka ikanipiga kiunoni na kunitupa juu ya usukani.

Kitu kimoja hakinitoki kichwani. Nilipoinua uso nilikuwa naliangalia lile tuta la tatu kwa karibu kabisa, kilele chake kimemeguka, udongo mkavu bado unateremka kama unga kwenye chekecheke, na alama ya tairi ya aliyenitangulia haipo pale nilipopita mimi, iko kama sentimita 30 kulia. Mwenzangu alishaona limeharibika akahama. Mi nilikuwa nalifuata lile lile la raundi ya kwanza. Na mtu wa bendera ya njano, ile ya kutahadharisha wanaokuja nyuma, pale hakuwepo, alikuwa amesogea kwenye tripo, wa nyuma yangu walinikwepa kwa macho yao tu, mmoja alipita karibu na kichwa changu nikasikia cheni yake.

Kifundo cha mkono wa kushoto kilivimba, nikapigwa picha, mfupa mzima. Mama watoto hajasema niache, amesema tu nikirudi nirudi najua ninachofanya, na hilo neno limenikaa.

Maswali yangu: huu mkono kuachia mafuta unatibiwaje? Ni umri? Au ni pikipiki yenyewe? Kuna mbio nyingine baada ya wiki sita na nataka kwenda.

---

FundiWaKizota

Pole sana mkuu, na shukuru Mungu kwa huo mkono. Mimi sio mwendeshaji wa hizo mambo ila hizo pikipiki nazifungua, kwa hiyo nitaongelea chuma.

Kwanza, YZ250F ya 2009 ni ya kabureta, na umesema uliitoa Dar. Dar ni usawa wa bahari, Dodoma tuko juu karibu mita 1,100 na ushee, hewa ya huku ni nyepesi. Kama hakuna aliyegusa kabureta basi unachoma mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, na dalili yake utaijua, ukivuta resi kutoka chini inasita kidogo kama inakohoa ndo inashika. Porini hilo halikusumbui. Kwenye wupsi unahitaji ikuitikie papo hapo, ikichelewa nusu sekunde pua imeshashuka. Chomoa plagi uiangalie, ikiwa nyeusi ya masizi majibu unayo. Jeti kubwa, kile kitundu cha kupitisha mafuta ndani ya kabureta, shusha namba moja, jaribu, ukiona bado shusha nyingine, usiruke namba tatu kwa mpigo utakuja kuunguza injini.

Pili shokapu. Una kilo ngapi? Kama umevuka 80 hizo spring za kutoka kiwandani ni laini kwako, na hapo hujaongeza buti, helmeti na kinga ya kifua. Na hata ungekuwa mwepesi, hiyo ni pikipiki ya motokrosi ya kawaida. Wale wa supakrosi wanafunga shokapu ngumu kiasi kwamba ukiipanda barabarani utadhani imeganda, kwa sababu ya hayo hayo matuta na kutua kwenye tripo. Fanya hivi, inyanyue pikipiki tairi la nyuma lining'inie, pima toka kwenye nati ya tairi la nyuma mpaka alama yoyote ya madigadi juu yake. Kisha ishushe, vaa kila kitu, panda, mtu akupimie tena pale pale. Tofauti iwe kama sentimita 10. Ikiwa 12 au 13 ujue nyuma imezama, kaza ile ringi ya spring. Ikigoma kufika hapo mpaka ukaze sana, spring sio yako, tafuta ngumu zaidi.

Kuna na skrubu ya kupunguza kasi ya shokapu kurudi juu, iko chini kwenye shokapu ya nyuma. Ile kukupiga kiunoni inawezekana inarudi haraka mno. Zungusha klik mbili upande wa kuifanya irudi taratibu, jaribu, usizidishe maana ikichelewa sana haitakuwa imerudi kabla ya tuta linalofuata, itaendelea kujibana chini tuta kwa tuta mpaka pikipiki inakaa kama imechuchumaa.

Na ea klina. Vumbi la huku la mwezi wa saba na wa nane na upepo ule mnaujua wenyewe. Sponji ioshwe na ipakwe oili yake kila ukirudi, sio kila mwezi. Nimefungua injini ya kijana mmoja ukipitisha kidole mdomoni mwa kabureta unatoka na matope mekundu. Valvu zilikuwa zimekwisha.

---

Dada_Mpwapwa

Kaka pole. Naendesha enduro, zile mbio ndefu za porini, mwaka wa sita sasa, na wupsi nilifundishwa nikiwa kwa ndugu zangu Nairobi, nilianguka mara nyingi kabla hazijanikubali, kwa hiyo hiyo ya mkono kuachia mafuta naifahamu vizuri mno.

Sio umri. Mkono unaachia kwa sababu ndo umeushikilia mwili. Pikipiki ikirushwa mbele na wewe umening'inia kwenye usukani, mwili unabaki nyuma, mikono inanyooka, na kiwiko kikishanyooka kifundo kinageuka chenyewe, mafuta yanakatika. Hukuamuru kweli, ni mwili ulivyokaa ndo umeamuru. Ndo maana pia vidole vilikufa ganzi. Dawa ni magoti. Simama kwenye futiresti, unyayo katikati, magoti yabane pikipiki kama umebeba ndoo kubwa katikati ya miguu, kiuno kirudi nyuma kidogo juu ya kiti lakini usikalie, hapo mikono inabaki ya kuelekeza tu. Jipime hivi: ukiwa umesimama kwenye tambarare gia ya tatu, fungua vidole vyote viache viganja tu vimegusa usukani, kisha vuta resi. Ukirudi nyuma hata kidogo magoti hayajafanya kazi.

Halafu macho. Umesema ulikuwa unalifuata lile lile tuta. Nadhani ulikuwa unaangalia tairi la mbele. Macho yawe mwisho wa wupsi, tuta la tisa, hata kabla hujaingia la kwanza. Mstari wako unauchagua ukiwa kwenye kona, sio ukiwa ndani.

Na usikimbilie kuteleza juu ya vilele kama wale wa kwenye video. Ile inataka spidi ambayo ukiikosa kidogo tu unadumbukia, ndo kilichokupata, uliingia na spidi ya katikati. Katikati ndo pabaya kuliko pote. Kwa wiki hizi sita chukua mwendo wa kuruka mawili mawili, unapanda la kwanza, tairi la mbele linatua mgongoni mwa la pili, unasukuma, unaenda la tatu na la nne. Ni taratibu ila una amri. Hata mabingwa kule Marekani wupsi zikishachimbika mwisho wa usiku wanaacha kuteleza wanaanza kuruka, angalia fainali za 450, lile daraja la juu la injini za cc 450, ni dakika 20 na raundi moja, linganisha dakika ya pili na ya kumi na nane.

Kwa umri wako, Justin Brayton wa Marekani alishinda supakrosi ya Daytona 2018 akiwa na miaka 33 na ndo ulikuwa ushindi wake wa kwanza daraja la 450. Najua yeye alianza mtoto, lakini mwili wa miaka 32 bado ni mwili. Kama una baiskeli itumie, tafuta matuta madogo upite umesimama bila kupiga pedeli, kwa kusukuma na kuvuta tu. Jeremy McGrath aliyechukua ubingwa wa supakrosi mara 7 alitokea kwenye BMX, zile baiskeli ndogo za mbio za matuta.

---

Kanyigo_Bado

Mi nina neno fupi na nisieleweke vibaya, napenda huu mchezo. Usirudi pale mpaka wawe na watu wa bendera kila sehemu usiyoweza kuona mbele. Kaka yangu alivunjika bega kwenye mbio za shambani si kwa kuanguka, kwa kukanyagwa baada ya kuanguka. Bendera ya njano ikipungwa maana yake hakuna kuruka wala kupita mtu, sasa kama mshika bendera ameenda kuangalia tripo nani anasema hivyo? Na gari la kubeba majeruhi lilikuwepo? Hujasema. Jeti na spring ni za wiki ijayo, hili ni la kwanza.

---

Kichuguu

Nimesoma yote, niko kwenye lile kundi lililochonga traki, na Kanyigo yuko sahihi. Bendera tulikuwa na watu watatu kwa sehemu tano, hilo ni kosa letu na tumelizungumza Jumapili. Mbio ijayo watano au hatuanzi. Pikapu ya kubeba mtu ilikuwepo ila dereva alikuwa hajui njia ya kutokea upande wa wupsi, na hilo limeshafanyiwa kazi, tumefyeka njia.

Ila nataka kusema la udongo, maana MtotoWaNala ameliona kwa macho kuliko sisi tuliochonga. Lile shamba ni kichanga chekundu. Kijiko kinachonga tuta zuri asubuhi likiwa na unyevu, saa saba jua limelikausha na upepo unapuliza, kilele kinameguka kila tairi linapogusa. Kule kwenye viwanja vya Marekani udongo unaletwa kwa malori, wanachagua wenye mfinyanzi unaoshika, na wanaumwagia maji. Sisi tulimwaga boza moja asubuhi tukaona yametosha.

Mzee mmoja jirani na lile shamba alikuja kuangalia, akachukua udongo akausugua mkononi, akauliza kwa nini hatujatumia wa vichuguu. Tembe zao wanakandika na huo. Mchwa wanapandisha udongo laini wa chini, ukiulowesha na kuushindilia unakuwa kama sakafu. Tumejaribu kwenye matuta mawili, la tatu na la nne, tumeweka tabaka la kama kiganja na nusu juu ya kichanga, tukamwagia jioni, tukashindilia kwa tairi la trekta. Jana vijana wamepita zaidi ya mara arobaini, vilele viko pale pale. Vichuguu vyenyewe tunachukua vile vilivyohamwa tu, vyenye mchwa tumeviacha.

---

MtotoWaNala

Aisee asanteni, sikutegemea majibu ya namna hii. Fundi nina kilo 86 bila mavazi. Nimepima leo jioni na shemeji, imetoka sentimita 12 na nusu, na plagi nyeusi tii. Nakuletea Kizota Alhamisi.

Dada, lile jaribio la kufungua vidole nimelifanya uwanja wa shule hapa jirani, mara ya kwanza nilirudi nyuma mpaka nikakaa. Nimelirudia jioni tatu, sasa hivi naweza kuvuta mpaka mwisho wa gia ya tatu viganja vimelala tu. Mapaja yanauma sehemu ambazo sikujua zinauma, nadhani hiyo ni dalili nzuri. Wupsi sijagusa bado, kifundo hakijapona, nimejiwekea siku kumi.

Kichuguu, nimefurahi mmelikubali la bendera bila maneno mengi. Mbio ijayo hata nisipokuwa fiti kuendesha nitashika bendera pale pale kwenye wupsi, niandikeni. Na vichuguu vilivyohamwa viko kama sita nyuma ya shamba la baba mdogo, njia ya kwenda Nala, ameshakubali vichukuliwe. Tipa ikipatikana Jumamosi mi nakuja na koleo mbili na vijana wanne, tukapakie asubuhi kabla jua halijawa kali.

---

Kichuguu

Tipa ipo. Saa kumi na mbili na nusu tukutane mzani wa zamani, na boza nimeomba mbili safari hii.