Namtengenezea bosi mtego wa mwizi, ananiita mwizi mimi mbele ya kikao!

Wakuu, naandika nikiwa ndani ya daladala natoka Mtumba, mkono unatetemeka hadi konda kaniuliza kama naumwa.

Fomu yetu ya mizani, ile ya kilo za zabibu. Mkulima analeta kilo 1,840, zinalala salama, asubuhi zinaamka 1,480. Ukiuliza nani kabadili, ofisi nzima inaangalia feni. Basi bosi (mnamjua, yule wa vijiko sita kwenye chai) akanipa wiki niweke ufuatiliaji. Nimekesha kama popo. Kila fomu ya Access (programu yetu ya kutunza data) inaandika nani kagusa, saa ngapi, ilikuwa ngapi, imekuwa ngapi.

Leo kikao. Projekta inawaka, jedwali linashuka: JINA LANGU. Tena langu. Ukuta mzima mimi, kama bango la mgombea ubunge.

Kumbe wote wanaingia kwa akaunti yangu! Paswedi imebandikwa chini ya kibodi, na mwandiko ni wa bosi!

Akakoroga chai. Taratibu. "Kijana, mtego umemnasa fundi." Watu hoi kwa kicheko. Wakuu, alikoroga chai!!

Kijana wa Nkuhungu: Paswedi aliipata wapi?

Mleta uzi: Nilikuwa msibani Kondoa, kapiga simu mara tisa. Ningefanyaje?

Kijana wa Nkuhungu: Kumbe uliitoa mwenyewe. Mtuhumiwa namba moja, kaa chini 😂

Fundi Kanuni: Shukuru yako imeandika kitu. Mimi niliweka msimbo wa ufuatiliaji baada ya kusevu badala ya kabla, namba ya zamani na mpya zikatoka 1,480 na 1,480. Mwezi mzima nakusanya ushahidi kwamba hakuna kilichobadilika.

Mleta uzi: Wewe hukukorogewa chai.

Mama Mchuzi: Samahani, ofisini kwenu chai bado ipo? Kwetu sukari ilikatwa Julai, mwaka wa fedha ulipoanza.

Bichwa Maji: Afadhali nyie. Sisi kila mtu anakuja na majani yake, na birika limefungiwa stoo.

Mama Mchuzi: Birika?! Funguo anazo nani?

Bichwa Maji: Yupo safarini.

Mleta uzi: Jamani, uzi wangu...

Kijana wa Nkuhungu: Mkuu, hivyo vijiko sita vyote ni vya sukari?