Kujitolea kukarabati bweni la makao ya watu wasio na makazi: nianze na nini?

Rola9
Wakuu, salaam. Ni fundi rangi. Kuna makao ya watu wasio na makazi yanayohitaji bweni lipakwe upya: mita 6 kwa 9, kimo mita 3, vitanda 14 vya ghorofa. Ukuta uliopakana na bafu umebanduka rangi kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, na pembe za dari zina kuvu mweusi. Nguvu kazi ni bure, vifaa watanunua wao. Watu hawawezi kuhamishwa wote. Rangi gani, lita ngapi?

Msasa120
Usifungue kopo bado. Rangi inayobanduka kutoka chini ina maji nyuma yake, na ukipaka juu yake, pesa ya makao imepotea. Kausha ukuta kwa kitambaa, bandika nailoni ya sm 50 kwa 50, ziba kingo zote nne kwa selotepu, acha saa 24. Matone yakiwa upande wa ukuta, unyevu unatoka ndani. Yakiwa upande wa chumba, ni mvuke wa pumzi tu.

Kuvu wa darini yaelekea ni huo mvuke. Watu 28 wakilala madirisha yamefungwa, hewa yenye unyevu inagusa pembe zenye baridi na kugeuka maji. Bila tundu la hewa juu au feni ya kutoa hewa, kuvu atarudi hata upake rangi gani.

Koleo
Upande wa bafu: funga koki zote, soma mita ya maji, subiri saa mbili. Ikisogea, kuna bomba linalovuja. Ikitulia, ziba tundu la kutolea maji, jaza maji sm 2 sakafuni, weka alama, angalia kesho yake. Fanya chumba kimoja kimoja cha kuogea ili watu waendelee kuoga.

Rola9
Mita imetulia. Maji ya sakafuni yameshuka zaidi ya nusu.

Koleo
Basi ni sakafu, au kiungo chake na tundu la maji. Kujaza groti mpya (saruji ya kuziba nafasi kati ya vigae) hakutasaidia, maana groti yenyewe hupitisha maji. Ng'oa vigae, mwaga sakafu yenye mwinamo wa sm 2 kwa kila mita kuelekea tundu, kisha paka dawa ya kuzuia maji mikono miwili (yaani tabaka mbili), wa pili ukikata njia ya wa kwanza. Pembeni weka utepe wa wavu. Ukutani panda hadi mita 1.8 panapomwagikia maji. Rudia jaribio la kujaza maji KABLA ya vigae. Sakafu inapokutana na ukuta tumia silikoni. Groti hapo hupasuka.

Koki nazo ziwe za kubonyeza, zinazojifunga zenyewe. Chagua aina ambayo mpira wake unapatikana dukani, la sivyo ikiharibika bafu linakaa bila maji.

Msasa120
Sasa rangi. Bomoa lipu iliyooza hadi sm 30 juu ya mstari wa unyevu, piga mpya, na uipe wiki nne ikauke. Kuta tatu nyingine paka wakati huo. Kuta zote ni kama mita za mraba 80 ukitoa mlango na madirisha. Lita moja hufunika takriban 10, mikono miwili ni lita 16, kwa hiyo ndoo ya lita 20 inatosha na kubaki ya marekebisho. Iwe rangi ya maji yenye mng'ao kidogo, inayooshika. Ya mafuta hufungia unyevu, ikavimba.

Kuvu usimkwangue akiwa mkavu, utamsambaza. Ml 250 za dawa ya klorini katika lita 4 za maji, dakika 15, suuza. Usichanganye kamwe na asidi ya choo au amonia: hutoa gesi ya sumu.

StooKuu
Nusu ya bweni kwa zamu. Anza asubuhi wakishatoka, maliza saa saba mchana ili harufu iishe kabla ya kulala. Wenye pumu walale nusu nyingine. Mizigo ya mtu isiguswe asipokuwepo, pengine ndiyo mali yake yote. Kagua kunguni kwenye maungio ya vitanda kabla ya kuvisogeza, na ziba kila ufa wa ukuta kwa puti kabla ya rangi, maana hujificha humo. Kama rangi ya zamani ni ya miaka mingi, piga msasa kwa maji: huenda ina madini ya risasi, na vumbi lake ni hatari zaidi kwa watoto.