Ukoo wa Gulwe: gari ya Neema

*Jumanne usiku*

Neema: Shikamooni wakubwa, mambo wengine. Naomba mawazo yenu. Mkopo wa SACCOS umetoka, nikijumlisha na akiba yangu ninayo milioni 19. Nataka gari ya juu kidogo, vigari vya chini nimechoka. Nimepata Harrier tako la nyani ya 2005, namba D, nyeusi. Dalali anasema 21 lakini kwa 19 ataongea na mwenye mali. Picha hizo.

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu, hongera. Mbona inang'aa hivyo? Wameipaka mafuta ya nazi?

Upendo: 😂😂 Shangazi

Upendo: Ila dada Neema ukishuka na hiyo siku ya sendofu yangu nitafurahi

Baba Mdogo Elia: Mbukwenyi. Gari la barabara zetu ni Land Cruiser. Hayo mengine ni ya kupelekea maharusi.

Upendo: Baba mdogo, kwa milioni 19 Land Cruiser atapata taa na bampa

Baba Mdogo Elia: Basi Prado. Zile za zamani, chuma tupu.

Daudi Dar: Shikamoo ba'mdogo. Prado ya hela hiyo ukishamlipa muuzaji unaanza kumlipa fundi, na fundi hana bei ya mwisho. Neema, usitoe hata mia kwanza. Niambie hiyo gari itakuwa inaenda wapi.

Neema: Nkuhungu hadi Mtumba, hapa hapa Dodoma, kila siku ya kazi, watoto nawaacha shule njiani. Halafu Gulwe kwa bibi, mwisho wa mwezi na sikukuu.

Daudi Dar: Gulwe hata mvua zikiwa zinanyesha?

Neema: Hasa mvua zikinyesha. Januari ndiyo kuna shamba, na ndiyo wakati bibi miguu inamsumbua, ni kumleta hospitali.

Daudi Dar: Sawa. Kesho nenda pale yadi, fungua boneti. Kwenye ukuta wa nyuma ya injini kuna kibati kimeandikwa herufi na namba. Kipige picha unitumie. Dalali usimuulize kitu, kibati kinatosha.

Shemeji Yohana: Kwani asiagize tu Japan? Gari safi, haijapita mkononi mwa Mbongo. Mimi jirani yangu ameagiza.

Daudi Dar: Shemeji, jirani aliagiza ya mwaka gani?

Shemeji Yohana: Sijui, ila ndogo ndogo hivi

Daudi Dar: Hapo ndipo penye kazi. Gari ikizidi miaka 10 TRA wanakuongezea ushuru wa uchakavu asilimia 30. Chukua mfano, gari ya cc 2400 ambayo TRA wameithamini dola 4,000 hadi bandarini. Na hapo ni thamani ya kwao, risiti yako hata ukiitikisa haisaidii. Ushuru wa forodha asilimia 25, hiyo dola 1,000, jumla 5,000. Juu ya 5,000 unaweka asilimia 10 kwa sababu injini imezidi cc 2000, na ile 30 ya uchakavu. Umefika 7,000. Hapo ndipo VAT ya asilimia 18 inapokaa, 1,260. Kodi peke yake 4,260, imezidi gari yenyewe, na tozo ndogondogo, wakala na usajili sijagusa.

Shemeji Yohana: Duh

Upendo: Shemeji umenyamaza 😂

Shemeji Yohana: Nahesabu

Daudi Dar: Kwa gari ndogo yenye umri mdogo kuagiza kunalipa. Kwa hizi za juu na milioni 19, nunua iliyokwishalipiwa hapa hapa. Kazi ni kujua ipi.

*Jumatano mchana*

Neema: Kaka Daudi picha hiyo. Dalali amenuna kidogo nilipofungua boneti.

Daudi Dar: ACU30. Umemuuliza kama inavuta magurudumu yote?

Neema: Sikuuliza, kajisemea mwenyewe. Anasema Harrier zote zinavuta manne.

Daudi Dar: Anakuuzia maneno. ACU30 inavuta ya mbele tu. Inayovuta manne ni ACU35.

Baba Mdogo Elia: Nilisema.

Upendo: Ba'mdogo wewe ulisema Land Cruiser

Shangazi Rehema: Kwa hiyo gari kubwa lote lile linavutwa na miguu miwili? Kumbe ni mwili tu.

Daudi Dar: Ndiyo shangazi, na ziko nyingi. Wajapani wa mijini hawana haja ya manne, kwa hiyo walinunua za hivyo, zikachakaa kwao zikaja kwetu. Kwa umbo huwezi kuzitofautisha. Neema, andika hizi pembeni uende nazo yadi yoyote. RAV4 ile tunayoita kilitaimu: ACA21 inavuta manne, ukiona ZCA26 ni cc 1800 na ni mawili. RAV4 iliyofuata, ile Miss Tanzania: ACA31 manne, ACA36 mawili. Vanguard: ACA33 manne, ACA38 mawili. Kluger: ACU25 manne, ACU20 mawili. X-Trail ni rahisi zaidi, herufi N mbele ndiyo manne, yaani NT30 au NT31. Ikianza na T tupu ni mawili. Hiyo haiondoi kukagua, ila inakuokoa usilipie kitu ambacho hakipo chini ya gari.

Neema: Lakini kwani lazima manne? Mbona Noah zinafika Gulwe.

Daudi Dar: Swali zuri. Kiangazi hata baiskeli inafika Gulwe. Kwa Mtumba ni lami mwanzo mwisho, mawili yanatosha na mafuta unaokoa. Tatizo ni Januari, korongo la kabla ya kwa bibi, ule mchanga ukishalowa na juu yake tope. Nawe utakuwa na mgonjwa ndani. Kama safari za mvua ungekuwa unapanda basi ningekwambia chukua ya mawili bila wasiwasi.

Shangazi Rehema: Mwaka juzi vijana wa Gulwe walitusukuma wakatutoza. Tena walitukuta wameshakaa pale na majembe, wanasubiri wateja.

Neema: Hahaha kweli. Sawa, manne.

Neema: Ila naipenda Harrier jamani. Kazini karibu kila mtu anayo.

Daudi Dar: Ni gari nzuri, siipondi. Ukikuta ACU35 iliyotunzwa kwa hela yako chukua. Ila ujue injini yake, 2AZ ya cc 2400, nyingi za miaka ile ya katikati ya 2000 hula oili, ringi za pistoni zinachoka. Hata Marekani Toyota wenyewe waliongeza dhamana kwa baadhi ya magari ya 2007 hadi 2009 yenye injini hiyo kwa sababu ya oili. Ndiyo hiyo hiyo iko kwenye Vanguard na Kluger za 2.4. Hailali njiani ghafla, mradi mwenyewe una tabia ya kuvuta dipstiki kila wiki. Wewe unayo hiyo tabia?

Upendo: Dada Neema hata maji ya waipa anawekewa pale sheli 😂

Neema: Upendo wewe subiri mchango wangu

Shemeji Yohana: Na ile ya V6?

Daudi Dar: Tamu. Ya cc 3000 ina mkanda wa taimingi, unabadilishwa kila kilomita 100,000, muuzaji asipokuwa na kumbukumbu hesabu kwamba haujabadilishwa. Halafu mafuta. Zamani leseni ya barabara ya kila mwaka ilikuwa inapanda na ukubwa wa injini, ikafutwa 2017, pesa ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta. Kwa hiyo siku hizi mwenye injini kubwa anatozwa kidogo kidogo kwenye pampu.

Daudi Dar: Neema ngoja nikufanyie hesabu. Nkuhungu Mtumba kwenda na kurudi weka kilomita 40, siku 22 za kazi, ni 880. Gari inayokwenda kilomita 8 kwa lita inakunywa lita 110. Inayokwenda 10 inakunywa 88. Tofauti lita 22 kila mwezi, na hapo hujaenda Gulwe. Zidisha kwa bei ya EWURA ya Jumatano ya kwanza ya mwezi, bei ya Dodoma, si ya Dar.

Baba Mdogo Elia: Subaru je? Yule mchungaji wetu anayo, inapita kila mahali.

Daudi Dar: Forester ni ya juu, manne muda wote, inashika barabara vizuri kuliko zote tulizotaja. Ila ina mkanda wa taimingi tena, na gasketi ya silinda hedi huharibika zikizeeka. Kama Dodoma unaye fundi anayeijua, sawa. Kama huna, achana nayo.

Shemeji Yohana: Mimi nitaongeza kitu kuhusu giaboksi za CVT, zile otomatiki zisizo na gia moja moja. Gari yangu ya kwanza, aina siitaji, niliipeleka gereji moja kijana akatia oili ya giaboksi ya kawaida. Nilitoka pale vizuri, nilipofika Ihumwa ikawa inaunguruma, haikimbii. Gharama yake mke wangu hadi leo hajaambiwa.

Dada Mwajuma: Ameshaambiwa sasa hivi. Yuko humu.

Upendo: 💀💀💀

Shangazi Rehema: Yohana jamani

Daudi Dar: Pole shemeji 😂 Ila ni kweli. X-Trail ya pili, NT31, nyingi ni CVT, oili yake ni NS-2 na haibadilishwi na nyingine. Ile ya kwanza NT30 ina giaboksi ya kawaida ya gia nne. Ndiyo maana kwa mtu wa hela ya wastani mimi naipendelea ya kwanza ingawa ni mzee.

Shangazi Rehema: X-Trail? Ngojeni. Mwalimu jirani yangu hapa Kisasa, aliyestaafu, anauza X-Trail ya kijivu. Amekaa nayo miaka mingi, kanisani na sokoni tu. Anataka 13 na nusu.

Neema: Shangazi, X-Trail? 😩 Ile dashibodi iko katikati kama saa ya ukutani.

Shangazi Rehema: Na wewe utaangalia barabara au dashibodi?

Daudi Dar: Shangazi kibati tafadhali. Na picha ya chini ya gari kama goti linaruhusu.

Shangazi Rehema: Goti haliruhusu, namtuma mjukuu.

*Jumatano jioni*

Shangazi Rehema: Hiyo. Inasomeka NT30, 2005. Chini pakavu, mjukuu anasema hakuna oili inayodondoka ila kuna vumbi la kutosha kupanda mtama.

Daudi Dar: Vumbi ni la Dodoma, halina neno, ila eya klina itakuwa imejaa, tubadilishe siku ya kwanza. Neema, nikupe na ubaya wake usije ukasema nilikuficha. Bushi za mbele na shokapu hazitakuwa nzima kwa umri huo. Senso ya krenki na ya kamshafti ndizo ugonjwa wa injini hii, gari inazima tu ukiwa unaendesha, ikipoa inawaka. Senso si ghali, ila zinunue za kueleweka. Na siku ya kuiuza itakaa sokoni kuliko Toyota, dalali atakutazama kwa huruma. Uzuri wake: kuna kitufe, mjini unaweka mawili, ukifika kwenye mchanga unaweka LOCK, yaani manne. Nyingi zina viti vya kufuta kwa kitambaa, kwa watoto wako hao na juisi zao.

Neema: Na nikinunua hiyo 13.5 inabaki 5.5.

Daudi Dar: Hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kuikubali. Harrier inachukua 19 yote, halafu matairi unanunua kwa hela gani? Hapo unaweka matairi manne, sevisi kamili na oili ya giaboksi, bushi, bima kubwa, wakili, ushuru wa stempu na uhamisho wa kadi TRA. Na unabaki na cha dharura.

Baba Mdogo Elia: Kadi iwe ya jina la mwalimu mwenyewe. Si ya "mdogo wangu yuko safari". Na TIN yake awe nayo mkononi. Hapo mimi nina uzoefu, nimekaa na gari la watu miaka kwa jina la marehemu.

Daudi Dar: Ba'mdogo umegonga penyewe. Pia ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini za trafiki, kila kosa ni 30,000 na yanajumlishana, trafiki akikusimamisha hajali nani alikuwa anaendesha. Deni la maegesho vilevile. Halafu TRA waulize kama kadi haijashikiliwa na benki kwa mkopo.

Neema: Sawa. Nakuja Dar au unakuja?

Daudi Dar: Napanda SGR Ijumaa jioni, nalala kwa shangazi. Jumamosi saa 1 asubuhi tuko kwa mwalimu. Shangazi, mwambie asiiwashe kabla hatujafika, nataka niikute injini ya baridi. Ikiwaka nitazame moshi, halafu tunaipima kwa mashine na tunaipeleka hadi Ntyuka kwenye mlima.

Shangazi Rehema: Nitamwambia. Mlenda na ugali wa uwele nakuwekea.

Neema: Na ikikutwa mbovu?

Daudi Dar: Tunashukuru, tunakula mlenda, tunatafuta nyingine. Hela yako haiozi. Yule dalali akipiga mwambie unatafuta ACU35, uone atakavyobadilisha mada.

Neema: Asante kaka. Asanteni wote.

Baba Mdogo Elia: Neema.

Neema: Naam baba mdogo.

Baba Mdogo Elia: Hiyo 5.5 inayobaki. Njoo inboksi tuongee kidogo, kuna trekta la watu nimelipa nusu.

Upendo: Na sendofu yangu bado watu 11 hawajatoa 🙏

Neema: Jamani nimeishiwa chaji