Mama goti limesagika, huyu anasema akae yule anasema atembee, nisaidieni

Mwanauyole
Habari zenu wakuu. Mama ana miaka 61, tupo Uyole, goti la kulia linamsumbua mwaka wa pili sasa, asubuhi akiamka limekaza mpaka azunguke zunguke kidogo ndo linaachia, na baridi hii ndo balaa. Eksirei ilionyesha goti limesagika, gegedu (ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kwenye goti) imelika. Sasa mashangazi na majirani wote wanamwambia mafuta ya goti yameisha, akitembea anasaga mfupa, basi siku hizi ni kukaa tu, hata soko la Mwanjelwa kaacha na kilo zinapanda. Kliniki walisema atembee ila hawakumwambia kwa nini, kwa hiyo haamini. Kutembea kunamaliza gegedu au?

Bint Kihesa
Pole sana ndugu yangu. Usimkalishe. Bibi yetu alikalishwa hivyohivyo, paja likakonda, ikafika mahali kuinuka kwenye kigoda ni mpaka ashikwe.

Fizio wa Iringa
Mkuu hii ndo kazi yangu, tiba ya mazoezi ya viungo. Gegedu haina mishipa ya damu, chakula chake inakitoa kwenye ute wa ndani ya goti. Ni kama sponji, akikanyaga inabanwa, akinyanyua mguu inafyonza ute, sasa mtu akishinda amekaa itakula saa ngapi? Iliyokwisha kulika hairudi kwa kutembea, hapo usimdanganye mama, tunalinda iliyobaki.
Kuna utafiti wa Marekani ulitoka 2022, watu 1,212 wenye miaka 50 kwenda juu wenye shida hii. Wale ambao mwanzoni hawakuwa na maumivu ya mara kwa mara, waliokuwa wanatembea kama zoezi uwezekano wa kuyapata ulikuwa chini kwa asilimia 40 hivi. Walifuatilia tu watu na maisha yao, hawakumpangia mtu atembee, kwa hiyo siyo ushahidi wa mwisho, ila hakuna dalili kwamba kutembea kuliwamaliza magoti.

Mnyakyusa halisi
Hapo sikubali mkuu. Mama zetu Tukuyu wametembea maisha yao yote na magoti ndo hayo yamekwisha.

Fizio wa Iringa
Ni kweli wanaumia, ila angalia wanatembeaje, mkungu wa ndizi kichwani halafu anashuka mlima, na kushuka kunalibana goti kuliko tambarare. Mimi naongelea kutembea mikono mitupu sehemu iliyonyooka. Aanze dakika 10, viatu vya soli laini siyo kandambili, fimbo ashike mkono wa kushoto maana goti bovu ni la kulia. Kuuma kidogo wakati anatembea siyo mbaya, ila kesho yake likiwa bado linauma kuliko kawaida au limevimba, apunguze. Akiwa kwenye kiti anyooshe mguu, ashikilie kidogo, ashushe, hiyo ni ya misuli ya paja. Na uzito ni muhimu sana, kilo 1 ikipungua goti linapunguziwa kama kilo 4 kila hatua.

Mwanauyole
Asante sana mkuu, nitamsomea jioni hii. Vipi ameze diklofenaki, ile dawa ya maumivu, kabla ya kutoka?

Fizio wa Iringa
Asiizoee kwa kujinunulia duka la dawa, inaumiza tumbo na figo, na kama ana presha ndo kabisa amuulize daktari kwanza. Halafu goti likiwa la moto, jekundu na ana homa, hapo hakuna cha mazoezi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.