Street Fighter II: ya kwanza au Hyper Fighting kwa anayeanza?

kitufe_sita: Wakuu, kumfundishia mtu mpya mchezo huu wa kupigana wa mashine ya stiki na vitufe, toleo lipi linafaa: The World Warrior ya 1991 au Hyper Fighting ya 1992? Na Guile, yule mhusika wa ile ya kwanza, analalamikiwa nini hasa?

stiki_mbovu: Hyper Fighting, mkuu. Ya kwanza ina wahusika 8 tu na wawili hamwezi kuchukua mmoja. Hilo ni dogo. Balaa ni kutupwa: mpinzani anaizuia ngumi yako ndogo, unasogea hatua moja, stiki mbele na ngumi kubwa, kaenda chini. Hana namna ya kupunguza maumivu. Hiyo ilikuja na toleo la Super Turbo, 1994.

Guile sasa. Sonic Boom, kombora lake, ni kushika stiki nyuma kisha mbele na ngumi. Flash Kick, teke la kupaa, ni kushika chini kisha juu na teke. Ukichuchumaa chini-nyuma unachaji (huko kushika stiki) zote mbili, na bado umejikinga! Rusha Sonic Boom ya ngumi ndogo, inakwenda taratibu, nawe uifuate. Akiruka, Flash Kick. Zangief, mpiga mieleka anayetakiwa azungushe stiki duara zima akiwa karibu kabisa ili akukamate, atafikaje? Tena ya kwanza ina hitilafu za Guile: kuna mpangilio wa vitufe unaomnasa mpinzani asipigane, na mwingine unaizima na kuiwasha mashine upya.

teke_la_kati: Napinga kidogo. Ile ya kwanza ni ya polepole, anayeanza anaona kwa nini kapigwa. Mpe Ryu: teke kubwa la kuruka, ukitua teke la kati ukiwa umechuchumaa, na kabla mguu haujarudi, Hadoken, kombora lake. Hadoken isipotoka, umechelewa. Ila asijifunze kwa Guile wa kompyuta, yule hurusha bila kuchaji.

waya_na_bodi: Kama unanunua bodi (saketi ya mashine yenye mchezo), angalia waya wa mateke. Plagi ya JAMMA, ile ya kawaida ya mashine za michezo, yenye pini 56 inabeba ngumi tatu tu. Mateke yana kiunganishi chake pembeni, na bila huo waya mchezo unawaka vizuri halafu hakuna anayepiga teke. Super Turbo iko kwenye CPS-2, aina nyingine ya bodi: betri yake ndogo ndiyo inayotunza funguo za programu, ikiisha unabaki na skrini ya rangi moja. Muulize muuzaji ilibadilishwa lini.