Tupeane uzoefu: jedwali la mpakani lililokupotosha kwenye modeli

Mtu wa Kano: Wadau, hamjambo. Niko Kisumu, kazi yangu ni modeli za kompyuta zinazoiga mafuriko ya mto Nyando. Naomba tukusanye visa vya majedwali, yale ya muda na mtiririko au muda na kimo cha maji, tunayoipa programu mpakani mwa modeli, yaani kwenye kingo zake, kama pale maji yanapoingia au kutoka. Gridi, yaani vile visanduku vinavyogawa eneo, tunaikagua usiku na mchana, lakini jedwali tunalibandika na kusonga mbele. Programu haina njia ya kujua kama namba ni za kweli.

Naanza mimi. Vipimo vyangu vilitoka kwenye daftari la mzee anayesoma kipimo cha mto. Kila siku ameandika "saa 3" na "saa 11", kwa mwandiko safi. Mimi nikachapa 03:00 na 11:00. Saa tatu yake ni ya asubuhi, yaani 09:00, na saa kumi na moja ni ya jioni, 17:00! Mafuriko yakawa yanafika Ahero mapema kwa saa sita. Wiki mbili nzima nikawa napandisha namba ya Manning, ile ya ukwaru wa mto, kutoka 0.035 hadi 0.1, ili maji yachelewe. Grafu ikakaa vizuri, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwa sababu nilikuwa nimeuharibu mto mzima ili ukubaliane na kosa la saa. Nilipomwonyesha mzee alisema, "Kijana wangu, maji hayakuja tumelala. Yalinikuta nikinywa chai."

Nyabunyala: Pole ndugu. Kwetu Budalang'i, kwenye Nzoia, shida ilikuwa kilele. Tulikuwa na kipimo kimoja kwa siku, cha asubuhi. Kati ya namba mbili programu huchora mstari ulionyooka, na kilele kilikuwa kimepita usiku. Modeli ikasema maji hayakufika juu ya tuta, na sisi tuliyaona yakipita. Tulipima alama za tope kwenye kuta za nyumba, tukakadiria kilele, tukaongeza mistari ya usiku ule kwenye jedwali.

Ufukweni: Langu fupi. Mpaka wa chini, mto unakoishia, ulikuwa Ziwa Victoria, na kimo nilikitoa kwenye kipimo cha ziwa kilichoko Jinja, Uganda, kama mita 13. Ramani yangu ya ardhi ilihesabu kutoka usawa wa bahari. Sifuri ya kipimo cha Jinja iko mita 1122.86 juu ya bahari, kwa hiyo ziwa lenyewe liko karibu 1136. Modeli ilivunjika hatua za mwanzo tu. Heri yangu, maana ingeendelea ningeamini.

Fundi Mabati, Kakamega: Mimi naiga joto ndani ya nyumba ya mabati kwa OpenFOAM, programu ya kuiga mtiririko wa hewa na joto. Jedwali likiisha kabla ya muda wa modeli, unaweza kuiagiza isimame kwa kosa, ishikilie namba ya mwisho au irudie jedwali tangu mwanzo. Nilichagua kurudia. Jedwali langu lilianza saa 0 likaishia saa 23. Kumbe mzunguko unahesabiwa kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kwa hiyo siku yangu ilikuwa na saa 23. Baada ya mizunguko kumi jua lilichomoza saa mbili na nusu usiku. Ongezeni mstari wa 24, wenye namba ileile ya mstari wa 0.

Mvuke Nakuru: Modeli ya jotoardhi. Programu ilitaka sekunde, nikaipa siku. Miaka mitatu ya kuvuna mvuke ikaisha kwa dakika 18 za modeli.

Mtu wa Kano: Asanteni sana. Nyabunyala dada yangu, zile alama za tope mlizipimaje? Nami nataka kufanya hivyo Ahero.

Nyabunyala: Kwa darubini ya wapima ardhi, tukianzia kwenye alama moja ya kimo kinachojulikana. Kuta zilizokandikwa upya tuliziacha. Za madarasa ndizo zilizoshika tope vizuri, na mahali maji yalipotulia alama zilikubaliana. Penye mkondo mkali zilipanda na kushuka, hizo usizitumie. Nenda mapema kabla watu hawajapaka rangi.